Kozi ya kiangazi ya usanifu majengo kwa wanafunzi wa sekondari ni nini?

Nchini Marekani, hii ni kozi fupi, kwa kawaida ya wiki 2 hadi 6 kati ya Juni na Agosti, ambayo chuo huwaandalia vijana ambao bado wako sekondari. Cornell, Carnegie Mellon na Rhode Island School of Design ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana kwa kozi hizi. Shahada ya kwanza ya kitaaluma ya usanifu huko huchukua miaka 5, na mwanafunzi huingia studio tangu mwaka wa kwanza. Ni nafuu kujua mapema kama kazi hii unaiweza.

Wazazi wengi hudhani ni darasa la kuchora nyumba kwa kompyuta. Sivyo. Kiini chake ni studio: unapewa tatizo dogo, tuseme kibanda cha kusomea chenye ngazi moja, unakuja na wazo, mwalimu analikosoa mbele ya wenzako, unarudi mezani kulifumua. Anayeng'ang'ania wazo lake la kwanza ndiye hupata shida zaidi, hata awe fundi wa kuchora.

Michoro ni ya aina tatu. Ramani ya sakafu huchorwa kana kwamba jengo limekatwa mlalo, mita 1.2 hivi kutoka sakafuni. Mkato hulipasua wima. Mwonekano huonyesha uso wa nje. Kilichokatwa hupewa mstari mnene, kilicho nyuma yake mwembamba. Mistari ikilingana yote, ukuta na meza havitofautiki. Kosa jingine ni kupitisha mkato mahali pasipo na jambo, badala ya kuupitisha kwenye ngazi au dari inapopanda.

Modeli, yaani jengo dogo la mfano, ndiyo inayokula usiku wako. Vifaa ni kadibodi ngumu, kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, ubao wa kukatia na gundi nyeupe. Kata kwa kupitisha wembe mara tatu au nne bila kukandamiza. Ukilazimisha mara moja, kisu huteleza na ukingo huchanika. Wembe ni wa kubadilisha mara kwa mara, maana butu ndio hukata vidole. Halafu kuna unene wa kadibodi, ambao karibu kila mgeni huusahau. Sanduku la sentimita 20 kwa 20, kwa kadibodi ya milimita 3, halina kuta nne sawa: mbili ni sentimita 20, mbili zinazoingia katikati yake ni 19.4. Ukikata zote 20, upande mmoja hufika 20.6 na paa halifuniki.

Ada, pamoja na malazi, hufika maelfu ya dola, na maombi ya ufadhili mara nyingi hufungwa mapema, kwa hiyo anza kuulizia miezi mingi kabla. Anayetoka nje ya Marekani aulize chuo kuhusu viza kabla ya kulipa chochote. Cheti chenyewe hakimhakikishii mtu nafasi ya shahada. Kinachobaki na faida ni kazi za kuweka kwenye potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako bora, kwa hiyo piga picha modeli kabla haijabondeka safarini: mandharinyuma ya kijivu, mwanga wa dirisha kutoka ubavuni, na kamera chini kabisa. Kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 50 za jengo halisi, jicho la mtu aliyesimama liko sentimita 3 hivi juu ya sakafu ya modeli.