Mashavu Yaliyojaa Si Ushahidi wa Afya
Mzazi ambaye mwanawe anasoma ng'ambo hupiga simu ya video, akaona mashavu yamejaa, akatulia. Utulivu huo umejengwa juu ya imani ya miaka mingi kwamba ugonjwa wa ulaji lazima umkondeshe mtu. Sivyo. Bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujaribu kukiondoa chakula, mara nyingi kwa kujitapisha, ambao daktari Gerald Russell aliueleza mwaka 1979, huwapata wengi wenye uzito wa kawaida kabisa. Anayejitapisha mara kwa mara hupoteza madini ya potasiamu, na upungufu huo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila uso kuonyesha lolote. Hata mashavu hayo, ajabu, huenda yamejaa kwa sababu tezi za mate zimevimba kutokana na kutapika.

Swali la "umekula?" humzoesha mtoto kujibu "ndiyo" tu. Afadhali kusema ulichokiona, bila kugusia uzito: "Mwanangu, naona siku hizi hutaki tuongee wakati wa chakula." Kisha mwombe aende akapimwe damu na moyo, na amruhusu daktari azungumze nawe, kwa kuwa mwanafunzi aliyefikia utu uzima kwa kawaida ndiye mwenye idhini hiyo. Akizimia, apelekwe hospitali papo hapo.