Je, kujiundia kompyuta ya gemu ni nafuu siku zote?

Wengi wanaamini kwamba kompyuta ya gemu ya hali ya juu ukiiunda mwenyewe utalipa kidogo kuliko kuinunua ikiwa tayari. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa muuzaji hutoza kazi ya kuunganisha. Lakini watengenezaji wakubwa hununua vifaa kwa jumla, na kadi za michoro au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zinapoadimika, mashine iliyo tayari inaweza kuuzwa chini ya gharama ya vipuri vyake.

Pima mwenyewe. Orodhesha prosesa, ubao mama, RAM, SSD (diski ya kuhifadhia), kadi ya michoro, pawa saplai, kipoza prosesa, kasha na leseni ya Windows, kisha jumlisha bei za siku hiyo hiyo. Ukiagiza kutoka nje, ongeza usafiri na ushuru wa kila kifurushi. Hapo hesabu inaweza kugeuka.

Halafu uliza yasiyotajwa kwenye tangazo. Baadhi ya mashine za tayari hubana gharama kwenye pawa saplai, au huwekewa RAM ya kijiti kimoja badala ya viwili, na gemu hupungua kasi. Kukagua RAM, fungua Task Manager ya Windows, kisha Performance, kisha Memory: utaona kasi na nafasi za vijiti zilizotumika. RAM ya DDR5 (kizazi cha tano) iliyouzwa kama ya kasi ya 6000 ikionyesha 4800, kwa kawaida haijaharibika. EXPO au XMP, yaani mpangilio unaoipa RAM kasi iliyotangazwa, haijawashwa kwenye BIOS (programu ya msingi ya ubao mama). Hilo humpata hata anayejiundia. Kwenye ubao mama wenye nafasi 4, vijiti 2 vya RAM kwa kawaida hukaa kwenye nafasi ya 2 na ya 4, ukihesabu kutoka upande wa prosesa.