Chama kidogo kinavyotwaa kiti cha LC

Chama kidogo, kwa siasa za Uganda, si lazima kiwe kipya. UPC na DP ni vya tangu enzi za kudai uhuru. Kidogo ni kile kisichoweza kusimamisha mgombea kila mahali wala kuiota Ikulu kwa sasa. Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge tisa wa UPC, tisa wa DP, mmoja wa JEEMA na mmoja wa PPP, huku NRM, chama tawala, ikiwa na zaidi ya 330. Ukiishia hapo utasema vimekwisha. Ila chini ya Bunge kuna mabaraza ya mitaa, yaani LC (Local Council): LC1 ya kijiji, LC2 ya muluka (kundi la vijiji), LC3 ya gombolola (kundi la miluka) na LC5 ya wilaya, na huko hesabu hubadilika.

Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Mwenyekiti wa gombolola au diwani hadaiwi hivyo: aliyeongoza, hata kwa kura moja, amepita. Tuseme waliojitokeza ni 2,000. Mshika bendera wa NRM anapata 700. Mwenzake aliyeangushwa kwenye mchujo wa chama amesusa, akasimama kama mgombea huru, anazoa 500. Wa chama kidogo anapata 750, kura 50 zinaharibika. Watu 1,200 wamempigia mwingine, na kiti ni chake. Ugomvi wa namna hii si wa kubuni. Bunge hilohilo la 2021 liliingia na wabunge huru 73, wengi kuliko chama chochote cha upinzani, na wengi wao ni watoto wa NRM waliochukizwa na mchujo.

Kwa hiyo chama kidogo kinachojua kazi yake hakitawanyi senti zake nchi nzima. Kinatafuta pale wakubwa wanapogombana, na pale kiti kinapokaribia kupita bila kupingwa. Bugiri, kwenye barabara ya malori ya Busia na Malaba, Asuman Basalirwa wa JEEMA alishinda uchaguzi mdogo wa ubunge Julai 2018. Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, alimpigia kampeni yeye, huku Besigye, mpinzani mkongwe, akampigia mgombea wa FDC, chama kingine cha upinzani. Kilikuwa kiti cha Bunge, lakini udiwani hupatikana kwa njia hiyohiyo.

Kisha kuna mtu mwenyewe. Kampala 2021, NUP, chama cha Bobi Wine, ilifagia karibu viti vyote vya ubunge, lakini umeya ukabaki kwa Erias Lukwago aliyebeba bendera ya FDC. Wapiga kura walewale, siku chache tu baadaye, waliiweka rangi ya chama kando. Kijijini jambo hili lina uzito zaidi. Mwenyekiti wa LC1 ndiye mwenye muhuri: ukitaka kitambulisho cha taifa, kufungua akaunti au kuuza kiwanja, unabisha kwake kuomba barua. Watu humchagua anayefungua mlango bila kudai chai.

Hata hivyo LC1 ndiyo ngumu kuliko zote kwa chama kidogo, ingawa wengi hudhani ni rahisi. Uchaguzi wa Julai 2018, wa kwanza tangu 2001, ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe, jirani na bosi wako wakikutazama. LC3 na LC5 kura ni ya siri. Mimi ningeanzia huko, hasa gombolola, kwa sababu vijijini ndiyo inayobaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, sokoni kwa mfano. Diwani wake ana cha kuonyesha.

Vyama vingi vidogo havianguki kwenye kampeni, huanguka jioni ya kuhesabu. Kila kituo kinahitaji wakala atakayevumilia njaa mpaka mwisho, atie sahihi fomu ya DR, ile ya kutangaza matokeo ya kituo, na kuondoka na nakala yake. Asiye na nakala hizo hana cha kumwonyesha hakimu.