Kwa nini Kihispania husema "pruebo" lakini "probamos"?

Kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kujaribu ni probar. Lakini "najaribu" ni pruebo, "tunajaribu" ni probamos, na "wanajaribu" ni prueban. Hiyo ue inatoka wapi, na mbona sisi tunainyimwa ilhali wao wanayo?

Kwa muda mrefu niliamini ni ukaidi wa kitenzi tu, jambo la kukaririwa. Tena nilikuwa nikitamka pru-e-bo, silabi tatu, kwa kuwa katika Kiswahili kila vokali ina silabi yake: u-a, ki-u-no. Kosa hili la pili ndilo lililonificha jibu. Kwa Mhispania, neno hilo ni silabi mbili, prue-bo, na ue hutoka kwa pigo moja, kama sisi tunavyosema kwenda na si ku-enda. Kumbe ue nzima imekaa kwenye kiti kimoja, kiti cha o. Ukishaliona hilo, sikiliza mkazo: pruebo, pruebas, prueba, prueban, wote umekaa kwenye mzizi. Probamos na probáis, umehamia kwenye kiishio, na o imerudi.

Kiswahili nacho huhamisha mkazo: SOma, soMEsha, someSHAna. Ila o yetu haitikisiki. Ya Kilatini ilitikisika. Mfikirie mama anayemwita mtoto aliye ng'ambo ya shamba: vokali anayoivuta haibaki ilivyo, midomo husogea kabla sauti haijakwisha. Katika Kilatini kilichozaa Kihispania, o fupi yenye mkazo ilivutwa vivyo hivyo, hatimaye ikawa ue. Isiyo na mkazo ilipita haraka, ikabaki o. E fupi nayo ikawa ie: pierdo, napoteza, perdemos, tunapoteza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Buenos Aires. "Unajaribu" kwa Madrid ni tú pruebas. Waargentina husema vos probás, mkazo mwishoni, na ue haipo. Nafsi ni ileile, wakati ni uleule. Kilichohama ni mkazo peke yake.

Si kila kitenzi chenye o hufuata njia hii. Llorar, yaani kulia, hutoa lloro, kwa sababu o yake ya Kilatini ilikuwa ndefu, na umbo la leo halikuonyeshi hilo. Kwa upande mwingine, badiliko lenyewe limevuka vitenzi: 7 ni siete na 70 ni setenta, 9 ni nueve na 90 ni noventa.