Mvua ikianguka, kalasi inafungwa

Ba papa na ba mama wa komite za wazazi hapa Goma, hii mnaijua: saa nne asubuhi mvua inaanguka juu ya manjanja, haya mabati ya paa, mwalimu anapaza sauti mara mbili, mara tatu, halafu anaweka chaki chini na watoto wanakunja mikono. Siku moja nilikaa nyuma ya kalasi ya namna hiyo nikaangalia saa: dakika 42 zimepotea hivi hivi. Mimi nafundisha ujenzi kwenye taasisi moja ya hapa mjini, komite zinakuja kwetu kuuliza bei ya ukuta, bei ya geti, bei ya rangi. Bei ya plafo, ile dari ya chini ya bati? Karibu hakuna anayeuliza.

Bati tupu ni ngoma. Ukiweka chini yake mianzi ya kusuka au tripleksi (zile mbao nyembamba za kubandikwa), na ukaacha hewa ipite katikati, kelele inapungua na joto la mchana linabaki kule juu. Msanifu majengo Francis Kéré alifanya karibu hivyo kwenye shule ya kijiji chake, Gando, kule Burkina Faso, ikaisha 2001: bati limeinuliwa mbali na dari ya matofali ya udongo, upepo unapita kati. Kwake adui alikuwa joto, kwetu ni kelele, lakini kazi ni ileile. Watoto wa kijiji ndio waliokusanya mawe ya msingi, mama zao wakabeba maji ya kufyatulia matofali, na 2022 huyo Kéré akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Sisi mawe hata kuyatafuta hatutafuti, volkano ya Nyiragongo ilituletea mpaka katikati ya mji 2002.

Jiwe letu ni zuri, lina nguvu, ila ni jeusi, linameza mwanga, basi ndani pakeni chokaa nyeupe na madirisha yawe pande mbili, kaskazini na kusini, maana jua la asubuhi na la jioni likiingia moja kwa moja mtoto haoni tablo.

Halafu hizi kalasi za kupangwa kama mabehewa ya treni, mlango mmoja, madawati mazito yote yanaangalia mbele... Najua mtaniambia prof, tangu masomo ya msingi yawe bure 2019 watoto wamejaa, unataka tuwapange wapi? Ndiyo maana naomba veranda pana, mita mbili na nusu hivi, yenye bati, sio kile kijia cha kupitia tu. Nusu ya kalasi inasoma pale nje kwa vikundi, nusu inabaki na mwalimu, baadaye wanabadilishana. Na fundi atengeneze viti vyepesi, watoto wawili waweze kubeba kimoja bila kumwita mtu. Jumapili veranda hiyohiyo wazazi wanakutania, mama wa mtaa wanafanyia likelemba yao, ule mchezo wa kupokezana pesa, nani atakataa?

Kwenye kiwanja udongo ni haba, tunajua, kwa hiyo zungushieni mawe, leteni udongo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, pandeni lengalenga (mchicha), watoto wapime, wahesabu, waandike. Maji ya paa yatumieni kwa bustani na kufagilia, ila msiwanyweshe watoto kabla hayajapimwa: moshi wa volkano unatia asidi na floridi kwenye mvua, ndiyo inayokula mabati mapema na floridi ikizidi inaharibu meno ya watoto.

Na kabla ya kupeleka somo nje, mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini. Hapa watu wa upande wa Bulengo wanajua kuliko sisi wenye diploma. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, haina harufu, inakaa kwenye mabonde na mashimo, hasa asubuhi mapema kama hakuna upepo, na mtoto akichuchumaa kung'oa magugu kichwa chake kiko palepale ilipo. Mkikuta ndege au mijusi imekufa kwenye shimo bila sababu, msishuke kuangalia. Waulizeni wazee wa mtaa ni wapi mbuzi walishakufia, halafu pale mzungushie ukuta wa mawe kabla hata ya kununua mfuko wa kwanza wa sima (saruji).