Chungu cha mbwa Kigoma: ugali, mawese, muhogo na yanayosemwa juu yake

Mbwa wengi wa ulinzi Kigoma hula vya nyumbani: ugali, dagaa, muhogo, mawese kidogo. Ni vyanzo vizuri vya nguvu. Kinachoharibu ni mapishi, vipimo na ghala.

"Mbwa ni mla nyama, ugali unamjaza tumbo tu."
Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwamwitu ana nakala 2 za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga mwilini, ilhali mbwa wa nyumbani ana kati ya 4 na 30. Ugali ulioiva basi humpa nguvu kweli. Lakini mate yake karibu hayana kimeng'enya hicho. Kazi inaangukia kongosho. Ukimkorogea unga kwa maji ya vuguvugu, wanga mbichi unafika utumbo mpana na kuchacha: tumbo linaunguruma, kinyesi kinakuwa kingi na laini. Upike uive kama wa watu. Pumba ni habari nyingine, nyingi ni nyuzinyuzi. Zinashibisha kuliko zinavyolisha.

"Ukitaka mbwa mkali, mmwagie mawese."
Ukali hautoki kwenye mafuta. Nguvu inatoka, tena nyingi: kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120 hivi, na wekundu wake ni karotini ambayo mwili wa mbwa huigeuza vitamini A. Anza na nusu kijiko cha chai, ongeza taratibu kwa wiki moja. Ukimwagia kwa pupa ataharisha, au kongosho livimbe: anatapika, anakunja mgongo, hataki kuguswa tumbo. Mawese yaliyokaangiwa migebuka kwa kitunguu usimpe kabisa, maana kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu.

"Muhogo mbichi hauna neno, mbona mbuzi anakula maganda?"
Muhogo mchungu hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Menya, loweka siku 3 hadi 4 mpaka ulainike, anika ukauke vizuri, ndipo usage na kupika. Hata hivyo unga wa muhogo una protini kidogo mno, hivyo ongeza dagaa.

"Mahindi yameota ukungu? Mpikie mbwa."
Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo ya kawaida. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuacha sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Kuosha au kupepeta hakutoshi, kwa kuwa sumu imeshaingia ndani ya punje. Mbwa ni mwepesi kudhurika na sumu hii, na ini ndilo linaloumia: anaacha kula, anatapika, fizi na weupe wa macho vinakuwa njano, pengine anatoa damu kwenye kinyesi. Dalili zikifika hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mahindi hayo yafukiwe, kuku nao wasipewe.

Kwa mbwa mzima wa kilo 15, kiasi cha siku ni unga wa mahindi gramu 150 (glasi moja ya kawaida), dagaa wakavu wasio na chumvi gramu 70 waliooshwa mchanga wote, na mawese kijiko kimoja cha chakula. Dagaa apewe wazima, mifupa yao ndiyo kalisi yake. Gawa mara mbili. Baada ya wiki mbili mpapase: mbavu zikihesabika kwa vidole bila kukandamiza, kipimo kimekaa, zikionekana kwa mbali, ongeza unga gramu 30, ukizitafuta usizipate, punguza mawese kwanza.