Je, wajua kwa nini kibanda cha chapati humwekea kijana paa, na kwa nini mara nyingi hushindwa?

Kijana wa Kampala hapotezi chumba kwa kukosa kazi tu. Wapo wengi wanaokipoteza huku biashara yao inatembea, kwa sababu kodi ya chumba na mtaji vinakaa mfuko mmoja. Mwenye nyumba akibisha tarehe 1, pesa ya unga inaondoka. Kesho yake sigiri haiwaki. Mwezi unaofuata hakuna kodi wala mtaji, na mlangoni kuna kufuli asilolijua. Miradi ya kuwasaidia vijana wasikose makazi, ikigawa mtaji peke yake, huishia kuwalipia watu kodi ya miezi miwili au mitatu. Si jambo baya, ila tusiliite biashara.

Tupige hesabu. Chumba kimoja cha kupanga, ule muzigo wa Bwaise au Katwe, tuseme ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Aliyemo ndani anahitaji hizo 90,000 ili abaki. Aliyekwisha kutoka, akitafuta kwingine, kwa kawaida ataombwa ya miezi mitatu kwa mkupuo: 270,000, bado dalali, bado godoro. Kumbakiza kijana chumbani kunagharimu theluthi ya kumrudisha, au chini ya hapo. Hata hivyo miradi mingi husubiri alale barazani kwanza ndipo imhesabu kuwa mhitaji.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa huanza na chumba. Kodi ya mwezi mmoja huwekwa pembeni kabla ya kununua hata kikaango, na haiguswi. Baada ya hapo ndipo anatafutwa mlezi wa kumfundisha biashara.

Mlezi wa maana si mzungumzaji wa semina. Ni mtu wa biashara ileile, amemzidi kijana miaka mitano hadi kumi, na anauza eneo la jirani lakini si kona moja naye, asije akamwona mshindani. Wiki nne za mwanzo kijana anafanya kazi kwenye kibanda cha mlezi bila kushika mtaji wake. Wanaoruka hatua hii kwa kuona chapati ni kitu cha kila mtu hulipia baadaye, na sababu iko kwenye unga.

Kilo 1 ya unga wa ngano, maji nusu lita na ushei, chumvi na mafuta, hutoa madonge 12 hivi ya gramu 130. Mgeni wa kazi, kwa kutaka wateja wampende, hukata makubwa na kupata 10. Akikanda kilo 5 kwa siku, chapati 10 zimepotea. Zikiwa za shilingi 1,000 kila moja, shilingi 10,000 zimeondoka na hakuna aliyeiba. Sasa linganisha na kodi: 90,000 ukiigawa kwa siku 26 za kazi (usigawe kwa 30, maana siku za mapumziko na za mvua kubwa hazilipi) inakuja kama 3,500 kwa siku. Ukubwa wa madonge peke yake unameza karibu kodi ya siku tatu. Mlezi mwenye mizani ndogo analiona kosa hilo asubuhi ya kwanza. Ofisa anayesoma ripoti kila mwisho wa mwezi ataona tu kwamba “faida ni ndogo”.

Tundu la pili ni deni. Kibanda kikiwa karibu na steji ya boda, waendeshaji watakula roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) asubuhi na kuahidi kulipa jioni. Kukataa kabisa ni kupoteza wateja, kwa hiyo weka mpaka: madeni yote kwa pamoja yasizidi faida ya siku moja. La tatu ni mahali. Anayetembeza bidhaa au kuzipanga kando ya barabara katikati ya jiji anaweza kunyang’anywa zote kwa dakika chache na askari wa jiji. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa barabarani kwa wingi. Ni heri kukodi kipande cha mbele ya duka la mtu, hata kama wapita njia ni wachache.

Jioni pesa hugawanywa kabla ya kununua chakula, na mtaji wa kesho hutoka kwanza. Zile 3,500 za kodi zinapelekwa kwa wakala wa pesa za simu siku hiyohiyo, kwenye laini isiyotumika kwa mengine. Kuweka hakukatwi kitu, ila kutoa kuna makato, juu yake ushuru wa serikali wa asilimia 0.5. Watu huulalamikia ushuru huo, na wana haki, lakini hapa unasaidia kidogo: kijana husita kutoa elfu tano tano.

Kwa ugonjwa na misiba, kinachofaa ni kikundi cha akiba cha sanduku, mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na sasa umeenea Uganda nzima. Watu 15 hadi 30, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na kila mkutano mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5. Pembeni kuna mfuko mdogo wa dharura. Kosa la kawaida ni kupanga mgawo, yaani siku ya kugawana akiba yote, Desemba: pesa inaliwa na Krismasi na safari ya kijijini, kisha Januari inamkuta mtu hana kodi. Upangeni mwishoni mwa Januari.

Je, ushahidi upo? Mwaka 2008 serikali ya Uganda iliwapa vikundi vya vijana wa kaskazini ruzuku ya mafunzo na vifaa, wastani wa dola 382 hivi kwa kila mtu. Baada ya miaka 4 kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha waliokosa. Baada ya miaka 9 waliokosa walikuwa wamewafikia. Wapo wanaosema basi pesa ilipotea. Sikubali. Kwa anayeanza akiwa na miaka 18, kati ya 18 na 27 ndipo chumba hupotea.

Kwa wasichana kuna mlango mwingine wa kutoka, nao hauonekani barabarani: kuhamia kwa mwanaume kwa sababu kodi imeshinda. Vilabu vya shirika la BRAC vya wasichana wa miaka 14 hadi 20, vilivyoongozwa na dada wa eneo hilohilo aliyewazidi umri kidogo, viliunganisha stadi za maisha na ufundi. Baada ya miaka 4 wasichana wengi zaidi walikuwa wamejiajiri, mimba zilipungua kwa takriban theluthi, na kuolewa mapema kulipungua pia.

Mpango wa serikali wa PDM (Parish Development Model), uliozinduliwa Februari 2022, hukopesha hadi shilingi 1,000,000 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, lakini kupitia parishi, ambayo hapa ni eneo la utawala, si la kanisa. Aliyehamia Kampala juzi hana parishi inayomtambua. Ahangaikie kwanza kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, yaani baraza la mtaa. Mlezi ajue pia sheria ya upangaji ya 2022: mwenye nyumba hawezi kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama, wala kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwenyekiti wa LC1 akiitwa mapema, mara nyingi kufuli hufunguliwa bila kufika mahakamani.

Mlezi mmoja asipewe vijana zaidi ya wanane, na alipwe angalau nauli na muda wa maongezi. Awatembelee kila wiki kwa miezi mitatu, kisha mara mbili kwa mwezi hadi mgawo wa kwanza wa sanduku. Asiyelipwa huacha karibu mwezi wa pili, wakati ambapo kodi ya kwanza itokanayo na faida inadaiwa.